Bima ya Msafiri na Tawakkul

Ami yangu aliyenisomesha juzuu pale Kibokoni, Mombasa, haikubali bima. Kwake, anayelipa kila mwezi kwa ajili ya maradhi ambayo hayajamfika ameliondoa tegemeo lake kwa Mola akalipeleka kwa kampuni. Hasemi kwa ukali. Nikimpigia simu kutoka Kuala Lumpur huniuliza hali, kazi, kifua changu, kisha: "Mwanangu, bado walipa ile bima yako?"

Nalipa. Naandika programu kwa kampuni iliyoko Uholanzi na naishi Malaysia kwa kibali cha DE Rantau, kilichoanzishwa mwaka 2022 kwa ajili ya wahamaji wa kidijitali, watu ambao ofisi yao ni kompyuta na wanahama nayo. Mwombaji hutakiwa awe na bima ya afya. Ningeweza kumwambia Ami kwamba ni sharti la serikali, yakaisha. Lakini ningelipa hata bila kulazimishwa, na nataka kujua kama kwa kulipa huko namkosea Mungu.

Kila aliyepita madrasa anamjua yule bedui aliyeuliza kama amfunge ngamia au amwachie Mungu, akaelekezwa afunge kisha ategemee. Ami anaijua hadithi hiyo kunishinda. Jibu lake ni kwamba kamba ya ngamia waiona na mkono wako ndio uliofunga fundo, ilhali bima ni mkataba ambao hujui utapata nini wala lini. Pingamizi lake lina uzito. Mwaka 1985 Majmaa ya Fiqhi ya nchi za Kiislamu, ilipokutana Jeddah, iliamua kwamba bima ya biashara yenye malipo maalumu ina gharar kubwa, yaani utata wa kutojua utapata nini, kwa hivyo ni haramu, na kwamba iliyo halali ni ile ya watu kuchangiana na kusaidiana.

Mimi humkumbuka Ibn Battuta, yule msafiri, ambaye mwaka 1331 alilala usiku mmoja katika mji wetu akielekea Kilwa. Alitoka Tanja mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, na hata Tunis hajafika, homa ikamshika. Aliposhauriwa apumzike alikataa: kama ni kufa, na afe njiani uso wake umeelekea Hijazi. Sijui tawakkul, yaani kumtegemea Mungu, iliyo wazi kuliko hiyo. Lakini homa ilipomrudia mbele ya safari, alichukua kitambaa cha kilemba akajifunga nacho kwenye tandiko la mnyama wake, asije akaanguka kwa udhaifu. Moyo uliokubali kifo na mikono iliyofunga kilemba vilikuwa vya mtu mmoja. Baadaye aliugua tena Dameski, na mwanachuoni mmoja wa Kimaliki akamlaza nyumbani kwake na kumwitia tabibu. Hakuulizwa ameanza lini kuumwa.

Hati yangu ya bima yauliza. Ina kurasa nyingi, na inayonihusu mimi ni mistari michache: kampuni haitalipia maradhi yoyote ambayo mwenye bima alikuwa nayo kabla ya tarehe ya kuanza. Nina pumu tangu utotoni. Nikivunjika mguu kwenye ngazi za treni, watalipa. Nikiumwa na mbu nikapata dengi, watalipa. Msimu wa moshi, misitu inapoungua Sumatra na anga ya hapa ikawa rangi ya majivu, ndipo kifua hunibana, na hapo najilipia.

Usiku mmoja wa moshi niliingia hospitali ya binafsi nikihema kwa mabega. Muuguzi alinivalisha barakoa ya mvuke mara moja, na Mungu amlipe. Baba mmoja wa mapokezi akaja hadi kitandani na karatasi, akanionyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi na kiasi cha amana, kwa sababu kampuni ya bima ilikuwa imekataa kutoa barua ya dhamana. Nilitia sahihi barakoa ikiwa usoni. Hospitali za serikali hapa zamtibu raia kwa ringgit 1 akija kumwona daktari wa kawaida. Mgeni hulipa gharama bila ruzuku. Hilo silinung'unikii. Ruzuku hiyo ni kodi yao.

Usiku ule ndio ulionionyesha pale ninapoachana na Ami. Yeye aona kasoro ya bima ni kutazamia maradhi. Mimi naona kasoro yake ni kumkimbia aliye mgonjwa tayari. Najua hesabu zao: kama mtu angeweza kungoja augue ndipo ajiunge, wazima wangekaa nje na mfuko ungekauka. Hoja hiyo ni ya kweli kwa anayengoja kwa hila. Mtoto aliyezaliwa na sukari au pumu hakungoja chochote. Kumweka nje ni kuwakusanya wazima watupu, kisha kuwauzia utulivu ambao wao ndio wanaouhitaji kidogo kuliko wote.

Yawezekana kufanya vingine, na si ndoto. Hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, ilitegemea mali ya wakfu, na ilipokea tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni, bila malipo. Huko nyumbani Kenya, mamlaka ya bima ya afya ya umma, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 hukata asilimia 2.75 ya mapato, na kwa kiwango cha chini shilingi 300 kwa mwezi. Ina matatizo mengi, na watu wana haki ya kulalamika. Lakini haimfungii mlango mwenye pumu. Kwa hivyo mchango wangu wa SHA naulipa nikiwa huku huku. Mtu anayelipwa kwa yuro, akala uzima wake peke yake kwa kuwa tu amevuka bahari, huyo ndiye ningemwogopea mbele ya Mungu kabla ya kumwogopea mwenye bima.

Na hapa Kuala Lumpur tumeanzisha chama chetu, Waafrika Mashariki wachache, Waislamu na Wakristo, kwa mtindo wa vyama vya kufa na kuzikana: ringgit 50 kwa mwezi, anayelazwa hospitali hulipiwa. Ami alipokisikia alifurahi, akasema hiyo ndiyo takaful yenyewe, bima ya kusaidiana, hata kama hatujaiita hivyo.

Sasa kuna ndugu kutoka Bujumbura anayeomba kuingia. Figo zake zimefeli, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Mhazini wetu, mtu mwema, amepiga hesabu kwamba tukimlipia hata nusu, mfuko utaisha kabla ya Ramadhani, na wenye watoto wadogo watabaki bila kitu. Hesabu yake ni sahihi. Wengine wamependekeza aingie lakini figo zisihesabiwe, yaani ile ile mistari ya hati yangu kwa mwandiko wetu wenyewe. Nimepinga hilo. Nimesema aingie kama tulivyo sisi, kila mgonjwa awekewe kiwango kimoja kwa mwaka, yeye na mimi na mhazini, na mchango upande hadi ringgit 80. Wawili wamesema wakipandishiwa watatoka. Kura ni Jumapili.