Kiasi cha Msafiri wa Peke Yake

Mtu apangaye kusafiri peke yake kwa baiskeli, akavue samaki aitwaye trauti katika mito ya Nyandarua nchini Kenya, hudhani kuwa anakwenda kuwa huru. Hana mwenzi wa kumngoja wala wa kumbishia. Lakini upweke nao una sheria yake. Kila atakachotia katika mzigo, miguu yake ndiyo itakayokipandisha mlimani. Hivyo baiskeli humfundisha kutenga haja na tamaa kabla hajaondoka nyumbani.

Mtoni fundisho ni gumu zaidi. Trauti ni mgeni huko. Aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, akastawi kwa kuwa maji yale ni baridi na safi. Methali husema akiba haiozi, samaki huoza. Alaye peke yake atatosheka na mmoja. Wa tano ni wa nini? Hapana jicho la kumwona akizidisha, na hapo ndipo uadilifu hupimwa. Kujizuia mbele ya watu huweza kuwa haya tu. Kujizuia pasipo shahidi ni wema. Basi mpango ulio mwema hauhesabu umbali na chakula peke yake. Huweka pia, mapema, idadi ya samaki ambayo mvuvi akiifikia atakunja mshipi wake.