Usawa Usiodai Kufanana

Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne laweza kufungwa matairi membamba mbele na mapana nyuma lisidhurike, mradi kila tairi liende umbali uleule kwa mzunguko mmoja. Tairi la 225/45 R18 lina upana wa milimita 225, ubavu wenye kimo cha asilimia 45 ya upana huo, na rimu ya inchi 18. Kipenyo chake ni milimita 659.7. La 255/40 R18 limezidi kwa upana wa milimita 30, lakini asilimia ya ubavu wake imepunguzwa, hivyo kipenyo kinafika 661.2 tu. Tofauti ni milimita moja na nusu.

Sasa yachukuliwe matairi manne ya saizi moja, mawili mapya na mawili ya kipara. Tairi likilika kutoka kina cha milimita 8 hadi 2, kipenyo hupungua milimita 12, yaani mara nane ya tofauti ile ya kwanza. Difu ya katikati, au klachi inayofanya kazi yake, imekusudiwa kuhimili tofauti ya mizunguko gari linapokata kona. Hapa hulazimika kuihimili hata kwenye barabara iliyonyooka, hupata moto, na mwishowe hufa. Yanayofanana kwa macho ndiyo yasiyo sawa.

Sawa katika nini, basi? Swali hilo Aristotle alilishughulikia katika kitabu cha tano cha Maadili ya Nikomako. Ugomvi, kwa maoni yake, huzuka walio sawa wanapopewa visivyo sawa, na vilevile wasio sawa wanapopewa vilivyo sawa. Wote hukubali kwamba mgao wa haki hufuata stahili. Wanachobishania ni kipimo cha stahili: uhuru, mali, ukoo au wema. Katika Siasa anatoa mfano wa filimbi: iliyo bora apewe mpigaji bora, si mwenye nasaba bora, kwa kuwa nasaba haipigi filimbi.

Hoja ni nzuri, na ni ya hatari. Aristotle huyohuyo aliutetea utumwa akidai kwamba wapo watu waliozaliwa kuwa watumwa. Hesabu yake ya kugawa kwa uwiano wa stahili haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika sifa aliyoichagua. Anayedai kwamba tofauti fulani ya watu ina uzito ndiye anayepaswa kuthibitisha. Hata hivyo, kuwatendea wote vilevile nako ni kuchagua kipimo. Kodi ya kichwa ya wakoloni ilipomtoza tajiri na fukara kiasi kilekile, ilihesabu vichwa na kufumbia macho mifuko.

Fundi ana nafuu kuliko mwanafalsafa: kipimo chake kimekwisha kuamuliwa na mtengenezaji. Tena hata kipimo hicho si amri ya maumbile. Porsche 911 Carrera 4 ya toleo la 992 ilitoka kiwandani na matairi ya 235/40 R19 mbele na 295/35 R20 nyuma, yanayotofautiana kipenyo kwa takriban milimita 44, na mfumo wake wa kugawa nguvu ulibuniwa kwa tofauti hiyo. Kwenye gari hilo, kufunga matairi manne yenye kipenyo kimoja ndiko kunakoleta hitilafu.