Baridi ya Wenzetu, Mvua Yetu

Wanangu, mvua kubwa ya hapa kwetu Rwanda huanza Machi na kutukamata hadi Mei, kisha nyingine hurudi kuanzia Septemba mpaka Desemba. Kati ya hizo ni jua na vumbi. Theluji hatuna, ila ule weupe unaotua mara chache kichwani mwa mlima Karisimbi, mita 4,507 juu, na huko hakuna barabara ya gari. Basi niambieni kwa nini kila nikipita Gatsata, hapa Kigali, namkuta kijana amenunua matairi ya mtumba yenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni, akiyafunga kwenye Corolla yake kwa furaha ya mtu aliyeokota.

Najua hoja yenu, maana nimewasikia mkiitoa. Tairi hilo lina kashata nene, mifereji mipana na vijiufa vingi vyembamba, kwa hiyo mnasema litashika vizuri kwenye mvua na matope. Tena bei yake ni ndogo kuliko ya tairi jipya. Lakini ulizeni kwanza limetoka wapi. Ujerumani, dereva hukatazwa na sheria kuendesha kwenye theluji na barafu bila tairi la namna hiyo. Mwenyewe akishaona limechoka hulitoa, nalo huanza safari ya kwenda kwa watu wasio na theluji. Mengine huja yamefungwa kwenye magari yaliyotumika Ulaya, na mnunuzi hudhani amepewa zawadi.

Kisichoonekana kwa macho ni mpira wenyewe. Tairi la theluji hutengenezwa kwa mchanganyiko unaobaki laini joto likishuka chini ya nyuzi 7, pale ambapo matairi mengine huanza kukakamaa. Kigali hatuzijui nyuzi 7, hata usiku wa manane. Mchana wetu ni wa nyuzi 25, 27, na lami yenyewe huwa na moto zaidi. Hapo mpira ule unalegea kupita kiasi. Kashata zake ndefu huyumba unapokata kona, huliwa upesi, na ukikanyaga breki gari husimama mbali zaidi kuliko ulivyokusudia, iwe lami imekauka au imelowa. Sasa lichukueni tairi hilo mshuke nalo kutoka Shyorongi mkirudi mjini jioni, mbele yenu lori, nyuma yenu basi la abiria.

Wengine mnajiona mmekwepa mtego kwa kununua tairi linaloitwa la misimu yote. Misimu yote ya nani? Waliolipa jina hilo walikuwa na majira manne vichwani, na mojawapo ni la barafu. Ni tairi la maafikiano: limepunguziwa kidogo uwezo wa joto ili lipate kidogo uwezo wa baridi. Likiwa jipya na la kampuni inayoaminika, sitamkataza mtu kulifunga hapa. Ila herufi M+S zisiwababaishe. Hizo zinadai matope na theluji, na mtengenezaji huziandika mwenyewe kwa kutazama umbo la kashata. Alama ya mlima na chembe ya theluji ndiyo inayohitaji tairi kupita jaribio juu ya theluji. Zote mbili hazisemi lolote kuhusu mteremko wa Nyamirambo uliolowa maji.

Lile ambalo Wazungu huliita tairi la kiangazi ndilo tairi letu la mvua. Wengi hawaniamini nikisema hivyo. Kule huitwa hivyo kwa sababu hufungwa miezi isiyo na theluji, lakini mvua ya miezi hiyo limeandaliwa kuikabili. Matairi mapya yanayouzwa Ulaya hubandikwa karatasi yenye herufi kuanzia A hadi E kwa uwezo wa kushika lami iliyolowa. Mkiikuta karatasi hiyo dukani, itazameni kabla ya kutazama urembo wa kashata. A au B ndiyo ya kuchukua.

Na mlio na tiketi za kwenda kusoma Canada, kwenu geuzeni maneno haya yote juu chini. Quebec, sheria inataka matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na tairi la misimu yote lisilo na ile alama ya mlima halikubaliki. Msiwasikilize wenzenu watakaosema kwamba dereva aliyezoea vilima vya Rwanda hashindwi na barafu. Kwenye barafu, mazoea ya kilima hayasaidii kitu kama mpira umekakamaa.

Nirudi Kigali. Mkiwa dukani, inameni msome ubavu wa tairi. Namba kama 195/65 R15 91H lazima ilingane na ile iliyo kwenye kibandiko cha mlango wa dereva: upana, kimo, ukubwa wa rimu, uzito ambao tairi linabeba na mwendo linaoweza kuhimili. Hapo fundi hawezi kuwadanganya sana. Penye udanganyifu ni umri. Tafuteni neno DOT, mfuate mpaka tarakimu nne za mwisho. Zikisomeka 3518, tairi lilitoka kiwandani wiki ya 35 ya mwaka 2018. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo, na ukianikwa juani mbele ya duka huzeeka upesi zaidi. Likipita miaka sita mimi silinunui, hata kama kashata zake zimejaa. Likifika miaka kumi litolewe garini, na hapo sitaki mjadala. Tazameni pia nyufa ndogo ubavuni, na mjihadhari na tairi lililopakwa dawa nyeusi likang'aa, kwani weusi ule hufunika mengi. Mkikuta kipara kimechongwa mifereji mipya kwa chuma cha moto, ondokeni pale. Aliyechonga amepunguza mpira uliokuwa umebaki kati ya upepo na lami.

Polisi wanatuhubiria Gerayo Amahoro, kampeni yao ya usalama barabarani, tangu 2019, na kamera za mwendo tunazoziita Sofia zimetufundisha kupunguza mwendo. Nashukuru kwa hayo. Lakini kamera haioni kashata. Sehemu ya tairi inayogusa barabara haizidi sana kiganja cha mkono, na gari zima linasimama juu ya viganja vinne. Mifereji ndiyo inayoyaondoa maji chini yake. Ikiwa haina kina, maji hukosa pa kwenda, tairi hupanda juu yake na usukani huwa mwepesi ghafla mkononi. Ulaya kikomo cha sheria cha kina hicho ni milimita 1.6. Kwa mvua ya hapa, inayojaza Nyabugogo kwa saa moja na kushusha udongo mwekundu wa mlimani juu ya lami, mimi nasema badilisheni zikibaki milimita 3. Upepo nao upimeni asubuhi, tairi likiwa halijapata moto, kwa kipimo cha kibandiko kile kile, si kwa kulipiga teke. Tairi lenye upepo mdogo huelea juu ya maji kwenye mwendo mdogo zaidi.

Najua fedha ni za shida. Kijana anayeanza kazi mara nyingi hupata za matairi mawili tu. Nunueni hayo mawili, mapya, kuliko manne ya mtumba yaliyochoka. Hapo ndipo mtakapogombana na fundi, kwa sababu atayafunga mbele bila kuuliza, akisema mbele ndiko kwenye injini na usukani. Mwambieni ayafunge nyuma. Matairi ya mbele yakiteleza kwenye kona, gari hunyoosha njia. Ukiachia mafuta taratibu, usukani hurudi. Ya nyuma yakiteleza, mkia hupita mbele kabla hujajua kinachotokea, na dereva wa kawaida hana namna ya kuurudisha, hasa kwenye kona za barabara ya Musanze ambako upande mmoja ni ukuta wa mlima na mwingine ni bonde. Fundi akishikilia lake, mlipeni haki yake, lakini msiondoke gerejini mpaka ayahamishe.