Je, Kumtaja Mpokezi kwa Upungufu Wake ni Kusengenya?

Hili ni swali liwatatizalo watu wengi wema. Mtu akisikia hadithi kwa mzee anayemheshimu, akauliza imepokewa kwa nani, na mpokezi huyo ni mtu wa namna gani, je, amekosa adabu? Na mwenye kumjibu kuwa mpokezi fulani hategemewi, je, amesengenya?

Imepokewa kwamba Ali bin al-Madini, mwalimu wa Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 234 Hijria, aliulizwa juu ya hadithi za baba yake mzazi. Akawaambia wamwulize mtu mwingine. Wakarudia kumwuliza. Akainamisha kichwa, kisha akakiinua, akasema kuwa hii ni dini, na baba yake ni dhaifu. Hakumwita mwongo, wala hakumvunjia haki ya uzazi. Alitoa ushahidi alioulizwa, tena baada ya kuukimbia.

Linalowapoteza watu ni kudhani kuwa wema wa mtu watosha. Imamu Shafii, katika Risala, hakuridhika na mpokezi kwa kuwa ni mwaminifu katika dini yake na msema kweli tu. Alitaka pia awe anafahamu anayoyasimulia, na awe ameyahifadhi moyoni au ametunza kitabu chake. Mtu aweza kuwa wa safu ya mbele msikitini, na kumbukumbu yake ikawa yavuja. Waswahili husema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi; hasara ni ya mwenye mali, naye hapa ni yule msikilizaji.

Ibn Lahia, kadhi wa Misri, aliyefariki mwaka 174 Hijria, alisemwa kuwa vitabu vyake viliungua, akawa asimulia kwa kumbukumbu na kuchanganya. Basi wanazuoni wengi hawakumtupa moja kwa moja. Waliuliza ni nani aliyesikia kwake, na alisikia lini. Waliotangulia kuandika kwake, kama Abdullah bin al-Mubarak, riwaya zao zikapewa uzito zaidi.

Mwaka 1908 (1326 Hijria) barua ilienea katika pwani ya nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, zama za Wajerumani, ikafika Lindi. Ilidai kuwa Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume (s.a.w.) Madina, ameota ndoto, na ikaonya kuwa mwisho wa dunia umekaribia. Ilihimiza toba, na nani atapinga toba? Lakini nani aliyeisikia kwa huyo Sheikh Ahmad, na nani aliyemjua? Tena ndoto ya mtu haiwi hoja ya sharia. Wasia wa jina hilo hilo ungali wazunguka hata leo, sasa ndani ya simu.

Ama kusengenya, Imamu Nawawi, katika Riyadhu s-Salihin, ameyahesabu majeruhi ya wapokezi na mashahidi kuwa ni katika yanayoruhusiwa, bali ni wajibu haja ikiwepo. Haja hiyo ina mpaka. Aliyeulizwa juu ya kumbukumbu ya mtu, akaingia katika nyumba yake na madeni yake, huyo amesengenya, hata akiwa na kitabu mkononi.

Na mwanafunzi mwenye adabu hamkatizi mzee katikati ya darsa. Hungoja watu watawanyike, akakaa mbele yake, akamwuliza kwa upole: “Maalim, hadithi hii yapatikana katika kitabu gani?” Maalim asiyekumbuka humwambia arudi kesho, naye usiku huo akawasha taa akatafuta.