Mundassery, mhakiki aliyepigania mshahara wa mwalimu

Wapo walimu wa lugha na fasihi wanaoambiwa kila siku kwamba kazi yao huanzia ubaoni na kuishia kengele inapolia. Chambua shairi, sahihisha insha, nenda nyumbani. Mengine waachie wakubwa. Kama nawe umeambiwa hivyo, na hasa kama umeanza kuamini, nataka umjue Joseph Mundassery wa Kerala, kusini-magharibi mwa India.

Alizaliwa mwaka 1903 huko Kandassankadavu, karibu na mji wa Thrissur. Shahada yake ya kwanza ilikuwa ya fizikia. Ndiyo, fizikia. Baadaye akasomea Kimalayalam na Kisanskriti, akafundisha miaka mingi katika chuo cha St. Thomas pale Thrissur, akapanda hadi kuwa mkuu wa idara ya lugha za Mashariki. Anayekutisha kwamba umechelewa kugeuza njia, kwamba ulichosomea ujanani ndicho utakachozikwa nacho, mpe jina la mtu huyu.

Lakini ujasiri wake ulifundwa kwenye uhakiki, na huko ndiko tuanzie. Kimalayalam kilikuwa kimerithi kutoka Kisanskriti elimu kongwe ya ushairi, yenye mafunzo ya kina kuhusu hisia anazoonjeshwa msomaji na maana inayodokezwa bila kutamkwa. Upande wa pili kulikuwa na wahakiki wa Ulaya, walioingia kupitia vyuo vya Kiingereza. Wasomi wengi walichagua kambi. Mundassery alikataa kuchagua. Katika kitabu chake Kavyapeethika alizikutanisha elimu hizo mbili, akazipima zote, akachukua kilicho bora kwa kila moja na kukiandika kwa Kimalayalam, kwa watu wa kwao. Hakusubiri chuo cha mbali kimpe kibali cha kufikiri kwa lugha yake.

Kisha likaja jaribu kubwa zaidi. Mwaka 1937 waandishi wa Kerala waliotaka fasihi imtetee mnyonge walianzisha jumuiya yao, na katika miaka ya 1940 jumuiya hiyo ikakua kuwa chama cha fasihi ya kimaendeleo. Mundassery alikuwa mwenzao. Aliamini kama wao kwamba mkulima na kibarua wana haki ya kuonekana vitabuni. Ila baadhi ya wenzake, wakomunisti hasa, walifika mahali pa kusema kwamba ujumbe ukiwa sahihi, mengine ni mapambo. Yeye akasema hapana: hadithi ya mnyonge ikiandikwa ovyo inamdhulumu huyo mnyonge mara ya pili. Kila aliyewahi kufanya mtihani wa fasihi ya Kiswahili anaujua mjadala huu, maana ndio wa fani na maudhui. Kwetu uliishia kwenye karatasi ya majibu. Kerala uliwagawa waandishi, ukavunja urafiki, na Mundassery akashambuliwa na watu wa upande wake mwenyewe. Hakurudi nyuma.

Hapo naomba tusimame kidogo. Kumpinga adui ni rahisi, hata makofi utapigiwa. Kumwambia rafiki unayepigania naye jambo moja kwamba hapa umekosea, tena hadharani, tena ukijua kesho utamhitaji, huo ndio uhakiki. Anayeliweza hilo mbele ya shairi ataliweza mbele ya mwajiri na mbele ya waziri.

Miaka yake ya St. Thomas ilikoma mwaka 1952. Alikuwa ameshaingia siasa, na muda wote huo aliandika: makala, uhariri wa magazeti na majarida, hata riwaya aliyoiita Professor. Maisha ya mwalimu aliyaona kutoka ndani. Shule nyingi wakati ule zilimilikiwa na watu binafsi na taasisi za dini, zikipata ruzuku ya serikali. Mwalimu aliitwa ofisini mwisho wa mwezi, akafunguliwa daftari la mishahara. Kiasi kilichoandikwa ndicho serikali ilichoambiwa. Kiasi kilichowekwa mkononi mwake kilikuwa pungufu. Alitia sahihi. Asingetia, nafasi yake ingepata mtu mwingine kabla ya muhula kuisha, na hakuwa na pa kukata rufaa.

Jimbo la Kerala lilizaliwa tarehe 1 Novemba 1956. Aprili 1957, baada ya uchaguzi, E. M. S. Namboodiripad aliunda serikali ya kikomunisti iliyoingia madarakani kwa kura, jambo lililoshangaza dunia. Namboodiripad huyo alikuwa mmoja wa waliobishana na Mundassery juu ya fani na maudhui. Alipotafuta waziri wa elimu, akamchagua yeye. Usimwamini anayekuambia kwamba kusema kweli hufunga milango yote.

Mwaka huohuo mhakiki akaleta bungeni muswada wa elimu. Kiini chake kilieleweka na mwalimu yeyote wa kijijini: mshahara utoke serikalini moja kwa moja, ajira ifuate orodha ya tume ya utumishi, na mwenye shule asimfukuze mtu kwa hasira ya asubuhi moja. Upinzani ukawaka. Uliongozwa na Kanisa Katoliki, ambamo Mundassery mwenyewe alizaliwa na kulelewa, na chama cha jamii ya Wanair, wakiungwa mkono na chama cha Congress. Tuwatendee haki: walizijenga shule hizo kwa jasho lao, wakahofia kunyang'anywa. Mahakama ya Juu ya India iliombwa maoni, na mwaka 1958 ikaona baadhi ya vifungu vinagusa haki za jamii ndogo. Muswada ukarekebishwa, ukapitishwa upya, ukawa sheria. Maandamano hayakupoa. Polisi walifyatua risasi, watu wakafa, na tarehe 31 Julai 1959 serikali kuu ya Delhi ikaivunja serikali ya jimbo.

Kwa hiyo alishindwa? Waziri aliondoka, sheria ikabaki, ingawa baadhi ya meno yake yaling'olewa baadaye. Walimu wa shule binafsi zinazopata ruzuku huko Kerala wanalipwa na serikali mpaka leo. Na jimbo ambalo mwaka 1951 chini ya nusu ya watu wake walijua kusoma lilitangazwa mwaka 1991 kuwa limefuta ujinga. Hilo ni jasho la wengi, kabla yake na baada yake, lakini lisingewezekana kwa walimu wenye njaa. Yeye aliendelea na kazi: mwaka 1971 akawa makamu mkuu wa kwanza wa chuo kikuu kipya cha Cochin, akaandika maisha yake, akafariki mwaka 1977.

Sasa zamu ni yako. Una kitabu ulichokisoma na una maoni ambayo umekuwa ukiwaambia rafiki zako tu, kwa sauti ya chini. Yaandike wiki hii, kwa lugha yako, uweke na jina lako. Kama mwandishi unayempenda amelipua kazi, mwambie, na umwonyeshe ukurasa. Ukishazoea kutetea neno moja ndani ya shairi mbele ya watu wasiokubaliana nawe, hutatetemeka siku utakapofunguliwa daftari lenye tarakimu zisizolingana na fedha uliyopewa. Siku hiyo iweke kalamu chini, waite wenzako, na msitie sahihi.