Bustani Iliyo Karibu

Wengi wetu twatamani kufika Yerusalemu, tuione Gethsemane kwa macho. Tamaa hiyo si mbaya. Mizeituni minane mikongwe ingali pale. Wataalamu walichunguza mitatu, na mwaka 2012 walitangaza kwamba mashina yake yana umri wa miaka 900 hivi. Basi siyo mashina yaliyomwona Bwana wetu akipiga magoti.

Lakini yeye alipaendea mahali pale mara nyingi, maana palikuwa karibu, ng'ambo ya kijito cha Kedroni tu. Hata Yuda alipajua. Nasi tulio na vihamba hapa Kilimanjaro, je, mtu akitutafuta usiku ajua ni chini ya mgomba upi, kando ya mfereji upi, atatukuta tukiomba?