Mkuki wa Sauli

Juma hili lote nimekuwa nikiuwaza mkuki wa Sauli. Ukisoma kitabu cha Samweli wa Kwanza katika Biblia, kuanzia sura ya 18, utaukuta kila mahali. Mfalme yuko nyumbani kwake, kinubi kinapigwa, naye kaushika. Yuko mezani, uko karibu. Amekaa chini ya mti kule Gibea, uko mkononi. Adui hayumo humo ndani. Yumo kijana mpiga kinubi, Daudi, na umo wimbo wa wanawake waliomhesabia Daudi makumi elfu ya maadui waliouawa, na Sauli maelfu. Wimbo huo ndio uliomnyima mfalme usingizi. Kumbukeni kwamba siku aliyochaguliwa kuwa mfalme alikutwa kajificha penye mizigo. Hofu ile haikumtoka hata alipovaa taji. Mwishowe alimrushia mkuki Yonathani, mwanawe wa kumzaa.

Majirani zetu wa Uganda waliyaona haya. Rais wao, Idi Amin, alijipa medali na vyeo hadi akajiita Mshindi wa Dola ya Uingereza. Februari 1977 maaskofu wa Anglikana walimwandikia kulalamikia mauaji ya raia. Barua tu! Tarehe 16 wakaitwa kwenye hoteli ya Nile, Kampala. Bunduki zimepangwa hadharani, askari wamejaa, maaskofu wamesimamishwa juani. Askofu Mkuu Janani Luwum akachukuliwa, na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ikatangaza ajali ya gari. Walioiona maiti ya Luwum waliona matundu ya risasi.

Lakini mkuki huu hauko Ikulu peke yake. Niliwahi kukaribishwa chai katika nyumba moja, mkanda umetundikwa msumarini juu ya meza ya chakula. Baba alipovuta kiti, watoto wote waliacha kutafuna. "Wananiheshimu sana, mchungaji," akaniambia. Nikanyamaza, nikanywa chai yangu. Ukimya ule unaniuma hadi leo, kwa sababu mtoto wa mwisho alikuwa akinitazama mimi.

Turudi Uganda. Kwenye kanisa kuu la Namirembe kaburi la Luwum lilikwisha kuchimbwa, ila mwili haukuletwa. Askari waliupeleka kijijini kwake, Mucwini. Ibada ya kumkumbuka ikapigwa marufuku. Jumapili iliyofuata watu walifurika kanisani hata hivyo, na ibada ya Jumapili ilipokwisha hawakurudi majumbani. Walitoka wakalizunguka lile kaburi tupu, wakaimba.